Ganda la mti wa mlimani: anayechuna lote anauzisha mara moja tu

Sisi wachimbaji tumezoea kuhesabu mali iliyo chini ya udongo. Lakini familia zetu nyingi ziko na mali ingine inayosimama juu ya udongo, mbele ya macho, na hakuna anayeihesabu. Ni mti wa mlimani ambao watu wa sayansi wanauita Prunus africana. Wafanyabiashara wa Butembo wanaujua zaidi kwa jina lake la zamani, pijeumu. Ganda lake linasafiri mpaka Ulaya kutengeneza dawa ya wanaume wenye umri. Likitolewa vizuri, mti unaishi na unatoa tena. Likitolewa vibaya, mti unakufa umesimama.

Kwetu mambo inapita hivi. Baba ameshuka Manguredjipa kutafuta dhahabu, miezi mitatu hajarudi. Mama amebaki juu, kwenye milima ya Lubero, na watoto na shamba. Mwezi wa tisa unafika, minervali ya sekondari inadaiwa. Mnunuzi anakuja na panga na mifuko, anaangalia mti mkubwa kwenye mpaka wa shamba, anasema: «Mama, huu mti hauna kazi, unawekea tu maharagi kivuli. Niachie niuchune, nakupa franga sasa hivi.» Mama anakubali. Nani angekataa? Baba akirudi anakuta mti ungali na majani mabichi, anafikiri hakuna kilichoharibika. Miezi inapita, matawi ya juu yanaanza kukauka, kisha mti wote unabaki kuni.

Njo maana sisi wa sindika tumeona vema kuandika juu ya mti, siyo juu ya shimo wala kodi. Mchimbaji anajua jiwe lake: analipima, analionja, analiuliza kabla ya kulitolea bei. Mti huu nao sherti tuujue hivyo hivyo, baba, mama na watoto, kabla mnunuzi hajafika mlangoni.

Namna ya kuutambua

Ni mti mrefu. Mara nyingi unafika meta 25, na ndani ya msitu mzito unaweza kupita 30. Ganda lake ni jeusi lenye kuelekea rangi ya kahawia, na limepasuka vipande vipande vya miraba, kama matope yaliyokaushwa na jua. Majani yanang'aa upande wa juu, na kingo zake ziko na meno madogo madogo. Angalia kikonyo kinachoshika jani: mara nyingi kina rangi nyekundu kidogo, kama waridi. Hiyo ni alama nzuri kwa mtu anayechanganya miti.

Alama ingine iko kwenye pua. Sugua jani mkononi, unuse. Kunatoka harufu ya mlozi mchungu. Harufu hiyo inatokana na vitu ambavyo, jani likipondwa, vinatoa asidi ya sianidi. Ndiyo, sianidi: jamii ile ile ya sumu ambayo makampuni makubwa yanatumia kutoa dhahabu kwenye mawe. Mti umejiwekea sumu hiyo kujikinga na wadudu na wanyama. Kwa hiyo majani na mbegu siyo vya kutafunwa, na watoto waambiwe.

Maua ni madogo, meupe ya kuelekea kijani, yamepangwa kwenye vishada. Matunda ni ya duara, upana wake kama senti meta moja, mapana kidogo kuliko marefu. Yanaanza kijani, yanakuwa mekundu, yakiiva kabisa yanakuwa ya zambarau nzito. Ni machungu kwetu, lakini ndege na kima wanayapenda, na wao njo wapanzi wakubwa wa mti huu: wanakula nyama ya tunda, mbegu wanaiangusha mbali.

Ukiuliza ukoo wake, utashangaa. Ni wa familia ya waridi. Ndugu zake wa karibu ni miti ya matunda ambayo Wazungu wanapenda: pichi, plamu, lozi. Ndugu hao wako mamia huko Asia, Ulaya na Amerika. Afrika yetu karibu ni huyu peke yake. Mjerumani Gustav Mann aliuokota kwenye mlima wa Cameroun mwanzoni mwa miaka ya 1860, na Mwingereza Joseph Hooker akaupa jina la Pygeum africanum mwaka wa 1864. Mwaka wa 1965 mtaalamu wa Uholanzi, Kalkman, alionyesha kwamba ni ndugu wa plamu kabisa, akaubadilisha jina kuwa Prunus africana. Biashara haikubadilika haraka kama sayansi, njo maana mpaka leo unasikia watu wakisema pijeumu.

Mbao yake ni ngumu na nzito. Mafundi wanaitafuta kwa mipini ya shoka na jembe, na kwa miti ya kujengea. Mwanamume aliyewahi kuupasua kwa shoka anajua unavyorudisha mkono. Ugumu huo nao ni hatari kwake: mti usiouzishwa ganda unauzishwa makala.

Mlima ni kama kisiwa

Mti huu haupendi joto la chini. Nyumbani kwake ni kati ya meta 900 hivi na meta 3,000 juu ya bahari. Sisi wa huku tunaweza kuelewa hesabu hiyo kwa miguu yetu. Butembo iko karibu meta 1,800: ni baridi yake kabisa. Ukishuka barabara mpaka Beni unafika kama meta 1,000 na zaidi kidogo, pale mti unakaribia mwisho wa eneo lake. Ukiendelea kushuka kuelekea msitu wa joto wa Ituri, miti mirefu iko mingi sana, lakini siyo huu. Ukipanda upande wa Ruwenzori, hali ya hewa inarudia kuufaa, mpaka baridi ya juu inapozidi.

Basi kwa mti huu mlima ni kisiwa, na joto la chini ni bahari. Uko Cameroun, uko Kenya ambako Wakikuyu wanauita muiri, uko Uganda, Rwanda, Tanzania, Ethiopia, mpaka Afrika Kusini na Madagascar. Ukiangalia karta unaona madoa madoa, kila doa ni mlima wake. Mti wa Lubero hawezi kuomba msaada wa mbegu kwa mti wa Cameroun, juu kati yao kuna msitu mkubwa wa joto usiopitika kwake. Tukimaliza ya hapa kwetu, hakuna upepo wala ndege atakayeturudishia kutoka mbali.

Na milima yetu imekwisha kujaa. Zunguka vilima vya Butembo: mihogo, maharagi, viazi, nyumba, na mikalitusi kila fasi. Mikalitusi ina faida yake, inakua haraka na inatupa mbao na makala. Lakini ilichukua nafasi ya miti ya zamani. Mti wetu umebaki kwenye mabonde, kwenye mipaka ya mashamba, karibu na makaburi ya wazee, na ndani ya misitu ya juu ambako vita haviruhusu kila mtu kufika. Kwa hiyo ule mmoja ulio kwenye mpaka wa shamba lako siyo mti wa bure. Unaweza kuwa mama wa mbegu wa kilima kizima.

Ndani ya ganda kuna nini

Hapa tuombe mchimbaji afikiri kazi yake. Ndani ya shimo refu kuna njia mbili. Kuna mpira wa pampu unaotoa maji chini na kuyapandisha juu. Na kuna kamba inayoshusha chakula kwa walio chini. Ukikata mpira, shimo linajaa maji, kila mtu anaona saa hiyo hiyo. Ukikata kamba ya chakula, juu hakuna kinachoonekana. Walio chini wanafanya kazi siku ya kwanza, siku ya pili. Kisha nguvu inakwisha, pampu inakosa mtu, na shimo lote linakufa.

Mti uko hivyo hivyo. Ukipima kutoka nje kwenda ndani, kwanza kuna ganda lililokufa, kavu, la kujikinga tu. Kisha kuna ganda bichi, lenye maji, la rangi nyekundu kidogo: hiyo njo kamba ya chakula. Majani yanapika sukari kwa jua, na ganda bichi linaishusha mpaka kwenye mizizi. Baada yake kuna utando mwembamba sana, unaoteleza, unene wake kama karatasi. Huo unaitwa kambiumu, na ni yeye anayezaa ganda jipya kwa nje na mbao mpya kwa ndani. Mwisho kuna mbao yenyewe, na ndani ya mbao njo mpira wa maji unaopandisha kutoka mizizi kwenda majani.

Sasa mtu akichuna ganda kuzunguka mti wote, amekata kamba ya chakula kabisa. Lakini maji yanaendelea kupanda ndani ya mbao, kwa hiyo majani yanabaki kijani. Mti unadanganya macho. Chini, mizizi inakula akiba yake, inadhoofika, inakufa. Mizizi ikikufa, maji yanakosa, na kilele kinakauka kwanza. Wakati huo mnunuzi amekwisha kupita Kasindi.

Mtu akiacha ukanda mpana wa ganda upande mmoja na upande wa pili, chakula kinaendelea kupita kwenye hizo njia mbili. Na kama hakukwangua kambiumu, pale palipochunwa panaanza kufunikwa na ganda jipya. Mti huu una bahati kuliko mingi: unajua kuzaa ngozi upya. Lakini unaomba mambo mawili: njia ya chakula iliyobaki, na muda.

Hii siyo habari ya mti wetu peke yake. Ulaya kuna mti wa milima ambao Wafaransa wanauita orme de montagne. Katika miaka ya njaa ya zamani, watu wa Norway walikausha ganda lake la ndani, wakalisaga, wakalichanganya na unga wa mkate. Ni ushahidi kwamba chakula cha mti kweli kinapita pale. Kisha katika karne iliyopita ugonjwa wa kuvu ukaingia kwa miti ya jamii hiyo. Wadudu wadogo wanaochimba chini ya ganda waliubeba kutoka mti hadi mti, na kuvu ikaziba mifereji ya maji. Uingereza peke yake ilipoteza zaidi ya miti milioni 20. Hakuna aliyeikata kwa shoka. Ilikufia chini ya ganda, na watu wakagundua walipoona majani ya manjano katikati ya majira ya joto. Wazungu walishindwa na kuvu, adui asiyesikia maneno. Adui wa mti wetu ni panga, na panga liko mkononi mwa mtu tunayeweza kuzungumza naye.

Dawa, na mipaka yake

Wazee wa milima mingi ya Afrika walitumia ganda hili tangu zamani, kwa homa, kwa tumbo, na kwa shida za mkojo. Mwaka wa 1966 Mfaransa Jacques Debat aliandikisha hati ya ugunduzi juu ya dawa iliyotolewa kwenye ganda, kwa ajili ya prostati. Toka hapo ganda lilianza kusafiri kwa tani.

Prostati ni tezi ndogo ya mwanamume, iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Mwanamume akipita miaka 50, tezi hiyo mara nyingi inavimba na kubana mrija. Unaamka usiku mara tatu, mara nne. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka bila nguvu, na unasikia kama haujaisha. Wazee wetu wa machimbo wanajua habari hii, hata kama wanaona haya kuisema.

Dawa inasaidia kweli? Watafiti wa kundi la Cochrane walikusanya majaribio 18 yaliyofanywa kwa wanaume 1,562. Walikuta kwamba waliokunywa dawa ya ganda walipunguza kuamka usiku kwa 19 kwa mia, na mkojo wao ukatoka kwa nguvu zaidi. Ni msaada wa kiasi, siyo muujiza. Na kazi yake haitokani na kitu kimoja tu ndani ya ganda, ni mchanganyiko wa vitu vingi vinavyofanya kazi pamoja. Njo maana mpaka sasa biashara inaendelea kuhitaji ganda lenyewe kutoka mlimani.

Lakini tuseme wazi kwa wababa wetu: dawa hii ni ya uvimbe wa kawaida wa uzee. Haiponeshi kansa ya prostati, na dalili za magonjwa haya mawili zinafanana. Mtu anayechemsha ganda nyumbani kwa miaka miwili bila kumwona munganga anaweza kuwa anaficha kansa. Ukiona damu kwenye mkojo, ukisikia maumivu ya mifupa ya kiuno, au mkojo ukifungwa kabisa, usingoje sufuria. Enda hospitali.

Cameroun ilitufundisha nini

Kabla ya Butembo, soko kubwa lilikuwa Cameroun. Kwa miaka mingi ruhusa ilikuwa mkononi mwa kampuni moja, na wafanyakazi wake walifundishwa kuchuna nusu na kuacha nusu. Kuanzia 1985 serikali ilitoa vibali kwa watu wengi zaidi. Kila mmoja aliogopa kwamba akiacha nusu, mwenzake atakuja kesho kuichukua. Basi wakachuna yote. Wengine waliangusha mti kabisa kusudi wafike kwenye ganda la matawi. Mwaka wa 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua ganda la Cameroun. Wanavijiji walipoteza miti, kisha wakapoteza soko.

Mchimbaji anaelewa ugonjwa huo vizuri. Shimo lisilo na mwenyewe na lisilo na sheria, kila mtu anachimba nguzo ya mwenzake, mpaka dari inaanguka kwa wote.

Dunia nayo ilikwisha kuweka kizuizi. Mwaka wa 1994 nchi za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ziliingiza mti huu kwenye orodha yao ya pili, na toka 1995 ganda halipiti mpaka wa nchi bila karatasi ya ruhusa. Karatasi hiyo inatolewa kama nchi inaweza kuonyesha kwamba uchunaji hauui miti. Kwa hiyo kila mti unaochunwa kuzunguka, hapa kwetu, ni ushahidi mbaya dhidi ya soko letu sisi wenyewe. Mnunuzi atahamia mlima mwingine, sisi tutabaki na kuni.

Kuchuna bila kuua

Hizi njo kanuni zinazofundishwa. Mama azijue, na kijana aliyebaki nyumbani azijue.

Kwanza, pima mti. Kama upana wake kwenye kifua cha mtu haujafika senti meta 30, usiuguse. Bila chombo, zungusha kamba: mzunguko wake sherti uwe karibu meta moja.

Pili, gawanya mti kwa macho katika robo nne, kama unavyokata mkate. Chuna robo mbili zinazotazamana tu. Robo mbili zingine zibaki nzima kutoka chini hadi juu.

Tatu, anza meta moja juu ya udongo, ishia kwenye tawi kubwa la kwanza. Usichune chini karibu na mizizi, wala matawi.

Nne, panga likate ganda tu, lisiingie kwenye mbao. Ganda libanduliwe pole pole kwa kipande cha mti. Ule utando unaoteleza usikwanguliwe wala usipanguswe.

Tano, ngoja. Zamani walisema miaka minne au mitano inatosha. Wataalamu walipoona namna miti ilivyorudi, wengi wakasema afazali miaka saba au nane. Kisha unarudi, unachuna zile robo mbili ulizoziacha.

Mtu anayesema «nitachuna yote lakini mti huu una nguvu hautakufa» anakudanganya, au anajidanganya. Na mtu anayeuangusha mti apate ganda ni sawa na anayechinja ng'ombe apate maziwa.

Kupanda

Mti huu unaweza kupandwa shambani, na ni hapo tunaona tumaini kubwa. Milima yetu inajua tayari kupanda ganda. Wazee wetu walilima kinkina, mti uliotoka milima ya Amerika Kusini, ambao ganda lake linatoa kwinini ya malaria. Kama tuliweza kulea mgeni huyo, tutashindwa namna gani kumlea mwenyeji?

Shida iko kwenye mbegu. Siyo kama hindi unaloweza kutundika juu ya moshi mpaka msimu. Mbegu ya mti huu ikikauka inakufa, na ikikaa majuma machache inapoteza nguvu. Okota matunda yaliyoiva, ya zambarau, ondoa nyama, osha, panda upesi kwenye udongo laini wenye kivuli kidogo. Inachukua mwezi mmoja na zaidi kuota, usikate tamaa. Njia ingine rahisi: baada ya matunda kuanguka, tafuta chini ya mti mama. Mara nyingi kuko miche midogo imeota yenyewe. Ihamishe na udongo wake siku ya mvua.

Fasi nzuri ni mpaka wa shamba, kando ya njia, kwenye mteremko unaotaka kuporomoka, na kati ya kahawa. Mbuzi wazuiliwe miaka ya kwanza. Pale udongo ni mzuri, mche unaweza kupanda karibu meta moja kila mwaka mwanzoni. Ganda linaanza kufaa kama miaka 12 hadi 15. Matunda nayo yanangoja miaka 15 au zaidi. Ni muda mrefu, kweli. Lakini mtoto anayezaliwa mwaka huu atafika darasa za mwisho za sekondari muda huo huo. Panda miti kumi siku anapozaliwa; minervali yake itakuwa inakua kwenye mpaka wa shamba, bila kungoja baba apate mshipa wa dhahabu.

Kuuzisha

Sasa hesabu, juu bila hesabu tutaendelea kudanganywa. Ganda bichi nusu yake ni maji. Kilo 2,000 za ganda bichi zinakuwa kama kilo 1,000 za ganda kavu. Na hizo kilo 1,000 kavu, kwenye fabrika, zinatoa karibu kilo tano tu za dawa yenyewe. Mti mkubwa uliochunwa vizuri, kwa robo mbili, unatoa kwa wastani kama kilo 55 za ganda bichi, kufuatana na vipimo vya Cameroun. Kwa hiyo ili fabrika ipate kilo tano za dawa, inahitaji miti 36 hivi iliyochunwa kwa akili.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza, uulize kila mara: bei hii ni ya bichi au ya kavu? Kama unakausha wewe mwenyewe, kazi ni yako na uzito umeanguka nusu. Bei ya kilo kavu isiyofika mara mbili ya bei ya kilo bichi ni hasara. La pili, mwenye mti mmoja hana sauti. Ana kilo 55 kila miaka kadhaa, nani atamngoja? Lakini kilima kizima chenye miti 100 iliyoandikwa kwenye daftari, kila mmoja na mwaka wake wa kuchunwa, kinaweza kumwita mnunuzi na kumwonyesha mizani yake chenyewe.

Sisi wa machimbo tumekwisha kupita njia hiyo. Sheria ya migodi ya 2002, iliyotengenezwa upya 2018, inaomba mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative. Wengi walinung'unika. Lakini tuliona namna mtu peke yake mbele ya mnunuzi anapunguziwa gramu, na namna kumi wakisimama pamoja mizani inanyooka. Ganda haliko tofauti na dhahabu katika jambo hili: anayetoa jasho njo anayepata kidogo, mpaka siku anapojua anachokiuzisha.

Basi tunaomba mambo matatu kwa kila familia. Baba, kabla ya kushuka kwenye machimbo, zungukia shamba pamoja na mama na watoto wakubwa, muhesabu miti, mpime mizunguko kwa kamba, mwandike. Mama, wewe njo mlinzi wa mlango: mnunuzi akija, sharti ni lako, robo mbili na mizani mbele ya macho, ama arudi alikotoka. Vijana, muulize waalimu wa biolojia shuleni, muulize wanafunzi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo, muanzishe vitalu vya miche kando ya mito.

Sindika itaweka daftari la miti kwenye mikutano yake ya kila mwezi, kando ya daftari la ajali na la deni. Mwenye mti alete hesabu yake, mwenye mbegu alete mbegu zake zingali bichi. Msimu wa mvua unakaribia, na mche unaopandwa kwa mvua haungoji mtu wa kuumwagilia.